Mgeni Ana Pakwe: Nyumba ya Mkomani na Hoteli ya Stesheni

Maji yalimshukia Bi Mkubwa akiwa amesujudu. Ilikuwa sala ya laasiri, msana wa tini, ule ukumbi mrefu wa chini unaotazama ua, pale pale anapotandika mswala wake miaka yote, na tone likamwangukia shingoni. Hakukata sala. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akainua uso na kuona duara la maji lenye upana wa sinia kati ya boriti ya nne na ya tano. Huko juu mgeni alikuwa bafuni, anaimba.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa na binti yake aliponipigia simu jioni ile. "Ami, njoo uangalie dari kabla hujalala," akaniambia, "mama hasemi kitu na akinyamaza mimi huogopa zaidi." Mimi si mhandisi. Nimezaliwa na fundi wa chokaa, nikabeba karai mpaka bega likaota sugu, na siku hizi wenye nyumba za mawe hapa Lamu huniita niwatazamie ufa kabla hawajaingia gharama za kumwita mtaalamu. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa ya wenyewe, bila majina, kwa sababu nimeshakiona kwa sura tofauti katika nyumba nne au tano, na kila mara lawama zinamwangukia fundi wa bomba.

Nyumba yenyewe iko Mkomani, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kuta za matumbawe ambazo mkono wako wote haufiki upande wa pili. Bi Mkubwa alipewa na babake alipoolewa, kama ilivyokuwa ada ya mji: mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ukiingia unapita daka lenye baraza mbili za mawe, unafika tekani, hapo njia inapinda ili aliye nje asione ndani, ndipo unatokea kiwandani, yaani uani, kwenye mwanga. Kutoka kiwanda kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, nyuma yake ndani. Kila unavyopiga hatua mbele ndivyo giza linavyozidi na ndivyo mambo yanavyokuwa ya siri zaidi. Katika nyumba hii mpango huo umerudiwa ghorofa ya kwanza, na ndani ya huko juu ndiko kuna ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya ukutani, plasta ya chokaa iliyochongwa kwa mkono, safu juu ya safu. Bi Mkubwa alizaliwa katika chumba hicho. Wanawe watatu pia.

Mwanawe wa kati anafanya kazi Uingereza. Ni mtu mwema, nasema mapema ili asomaye asije akamfanya shetani wa kisa. Kila mwezi ametuma fedha za nyumba, na kila mwaka alipokuja likizo alikuta zimeliwa na paa, mlango au kisima. Mwaka mmoja aliporudi akaniambia barazani, uso unang'aa:

"Ami, nimelala stesheni."

Nikampa pole. Kwetu mtu akilala stesheni ina maana basi limemwacha Mokowe, bara, ng'ambo ya kisiwa. Akacheka sana. Alikuwa amelala usiku mbili, yeye na mkewe, katika hoteli ya stesheni ya St Pancras mjini London, kwa kusherehekea miaka yao ya ndoa. Akanitolea simu na kunionyesha: ngazi kubwa inayopanda na kugawanyika mara mbili, kuta nyekundu zenye nakshi za dhahabu, matao kama ya msikiti mkubwa, na chini ukumbi wa mbao uliokuwa ofisi ya tiketi, leo watu wanakula humo. Akasema asubuhi ukifungua dirisha unaona treni za Ufaransa zinaondoka. Watu wanalipa si haba kulala mahali ambapo babu zao walipita wakikimbia na mizigo. Halafu akasema neno ambalo nililiona zuri siku ile na bado naliona zuri: "Wao wana stesheni ya miaka mia na hamsini wanailipia. Sisi tuna nyumba ya miaka mia mbili na zaidi tunailipia sisi."

Hapo ndipo mradi ulipoanza, na hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa lilifanyika kabla hata tofali moja halijaguswa. Kijana aliiona hoteli ile nusu. Nusu aliyoiona ndiyo iliyopigwa picha.

Nilipopata wasaa nikaisoma habari ya jengo hilo, kwa udadisi tu mwanzoni. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1868, na paa lake la chuma na vioo, kazi ya William Henry Barlow, linavuka mita 73 bila nguzo hata moja katikati. Mbele yake kampuni ya reli ya Midland ikajenga hoteli kwa ramani ya George Gilbert Scott, ikaanza kupokea wageni mwaka 1873. Kwa hiyo ile sehemu ya mbele haikugeuzwa kuwa hoteli jana, ilizaliwa hoteli. Lakini mwaka 1935 ikafungwa, na sababu moja kubwa ni ile iliyomnyeshea Bi Mkubwa wetu: maji. Scott alijenga sakafu nene za kuzuia moto, jambo la busara kwa wakati wake, na enzi hizo mgeni aliletewa maji chumbani na watumishi, akaoga kwenye beseni. Zamani zikageuka, kila mgeni akataka bafu lake, na sakafu zile zikakataa kutobolewa. Hoteli iliyokuwa fahari ya London ikageuka ofisi za reli. Miaka ya 1960 ikataka kubomolewa, ikaokolewa mwaka 1967 ilipowekwa katika daraja la juu la majengo yanayolindwa na sheria, ikakaa tena miaka na miaka kabla ya kufunguliwa upya kama hoteli mwaka 2011.

Sasa sikiliza walivyolitatua. Hoteli ya leo ina zaidi ya vyumba 200, na walio wengi wanaolala "stesheni" hawalali ndani ya jengo la Scott kabisa. Wanalala kwenye ubawa mpya uliojengwa ubavuni, mabomba yake yamepangwa tangu msingi. Vyumba vilivyo ndani ya jengo la kale ni vichache, ni vikubwa, na bei yake si ya mimi na wewe. Yaani waliokuwa na fedha zote zile na wataalamu wote wale waliliangalia jengo, wakaona halibebi, wakalipunguzia mzigo.

Kuna jingine lililonifurahisha zaidi, ingawa Bi Mkubwa nilipomweleza alisema astaghfirullah. Njia za reli za St Pancras zimeinuliwa juu ya ardhi, kwa kuwa treni zilipaswa kuvuka mfereji wa maji kwa juu kabla ya kuingia. Chini yake kukabaki ghala kubwa, na ghala hilo lilikuwa la mapipa ya bia kutoka mji wa Burton. Barlow akazipanga nguzo za chuma kwa hesabu ya mapipa: pipa ndilo lililokuwa kipimo cha jengo. Leo ghala hilo ndilo abiria wa Ufaransa wanamosubiri na kununua vitu. Hakuna aliyeziondoa nguzo ili zitoshee duka. Maduka ndiyo yaliyojibana baina ya nguzo.

Na sisi kipimo chetu ni boriti. Mkoko hautoi mti ulionyooka na mnene wa kuvuka mbali, kwa hiyo vyumba vya Lamu ni vyembamba: futi nane hivi, tisa ukibahatika, hata kama urefu wake ni mara tatu ya hapo. Mgeni huona chumba chembamba akadhani mwenye nyumba alikuwa bahili. Mti ndio ulioamua. Juu ya boriti hupangwa mabamba ya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa, kisha watu hupigilia kwa siku kadhaa mpaka sakafu inakuwa kitu kimoja. Ni nzito kwa yenyewe, na mzigo wake wote unaishia kwenye vichwa vya boriti vilivyofichwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kijana alileta ramani ya vyumba vitano, kila kimoja na bafu lake. Nilimwambia vitano ni vingi. Sikusema kwa nguvu, naungama, maana fedha zilikuwa zake na dadake ndiye angesimamia. Mabadiliko makubwa katika mji mkongwe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hayafanywi bila kwanza kupitishwa kwa wahusika wa makumbusho. Kijana na dadake wakaiita kazi "ukarabati wa choo" na wakaendelea.

Fundi alitoka nje ya kisiwa, mtu hodari wa nyumba za tofali. Akajenga ukuta wa bloku kukata kona ya ndani ili apate bafu la chumba bora. Ukuta huo peke yake, juu ya boriti, ulizidi tani moja. Akamwaga zege jembamba juu ya sakafu ya zamani, akapiga vigae. Akachimba mfereji ukutani apitishe bomba la plastiki, akaufunika kwa saruji, na ili plasta zisitofautiane akapiga saruji ukuta mzima hadi ukingoni mwa zidaka. Juu paani akaweka matangi mawili ya lita 2,000 kila moja. Lita moja ni kilo moja. Matangi yakijaa ni tani nne. Nilimpigia binti hesabu ya punda: ni kama punda zaidi ya ishirini wamesimama juu ya nyumba usiku na mchana, hawashuki.

Kitanda nacho. Alinunua vile vya futi sita kwa sita. Katika chumba cha futi nane unabakiwa na futi moja kila upande, kwa hiyo mgeni wa chumba bora anaingia kitandani kwa kupandia miguuni kama anapanda mashua. Picha ilitoka vizuri.

Msimu wa kwanza wageni walikuja. Desemba, kaskazi inavuma, mji umejaa, fedha ikaingia, na kijana kule London akawa anapiga simu kila Ijumaa kwa furaha. Jirani tu ndiye aliyenuna, kwa sababu wageni walikaa paani jioni na kutoka paani unaona kiwanda chake, wake zake na nguo zao. Alipandisha ukuta wa makuti na hakurudisha salamu mpaka Ramadhani. Bi Mkubwa alishuka chini, chumba chake cha juu akakiachia biashara, akasema ngazi zimemchosha. Ngazi hazikumchosha. Mwanamke aliyekaa ndani maisha yake yote hawezi kulala chumba ambacho nje yake mwanamume asiyemjua anapita na taulo, na hawezi kumwambia mwanawe hilo katika nyumba ambayo mwanawe ndiye anaitunza.

Masika ikafika, nyumba ikafungwa kwa wageni, unyevu ukaingia na usiondoke. Msimu wa pili ndipo tone likaanguka.

Waliokuwa juu ni mtu na mkewe kutoka Nairobi, watu wastaarabu. Waliambiwa wasitumie bafu usiku ule. Wakauliza, kwa haki kabisa, chumba chenye bafu lisilotumika kinaitwaje. Wakalalamika pia kwamba ukutani mnanuka uvundo na kwamba asubuhi walikuta unga mweupe juu ya mto. Walirudishiwa fedha, wakahamia Shela. Mimi nilifika kesho yake baada ya alfajiri, kabla watu hawajaoga.

Kwanza nilikwenda kutazama ule unga. Niliupaka kwenye kidole nikauonja: chumvi. Matumbawe ni jiwe la bahari, lina vitundu kama sifongo na lina chumvi yake tangu lilipotolewa majini. Ukuta wa matumbawe uliopigwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa, hunywa na kuutoa, kama mtu anayepumua. Ukiupiga saruji umemziba pua. Maji hayakauki, yanasafiri ndani ya ukuta yakitafuta pa kutokea, na pa kutokea ni pale ambapo saruji iliishia, ukingoni mwa zidaka. Yanapotoka yanaacha chumvi nyuma ya plasta, chumvi inaota, plasta inasukumwa. Niligonga kwa kiwiko cha kidole. Safu ya chini ya zidaka ililia tupu kama debe, na kidaka kimoja cha pembeni kilishamwaga nakshi yake yote, imelala sakafuni vipande vipande kama ganda la mkate wa sinia. Mtu aliyeichonga alifanya kazi na kisu na chokaa mbichi, kwa saa chache alizokuwa nazo kabla haijakauka. Leo mafundi wanaoweza kuirudisha nawahesabu kwa mkono mmoja, na mmoja wao macho yamekwisha.

Kisha nikashuka msana wa tini na ngazi ya mbao. Boriti ya nne nilitia bisibisi penye kichwa chake, pale inapoingia ukutani. Chuma kilizama inchi mbili kama kwenye boga. Ya tano inchi moja. Nyingine zilikuwa ngumu, alhamdulillahi. Kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja polepole sana, pengine tangu msimu wa kwanza, na maji yalikuwa yanapita chini ya vigae, yanashuka na mfereji wa ukutani, yanakaa kwenye kichwa cha boriti. Tone lililomwamsha kila mtu lilikuwa la mwisho katika safari ndefu.

Kikao kilifanyika siku ile ile. Kijana alikuwa kwenye simu, imesimamishwa juu ya meza ikiegemea bakuli la sukari. Mjomba alimlaumu fundi. Kijana pia alimlaumu fundi, akataka aitwe arudishe fedha. Ni kweli fundi alifunga kiungo vibaya. Lakini niliwauliza: kiungo kikifungwa vizuri, kitakaa miaka mingapi? Kumi? Bomba lolote mwishowe huvuja. Swali ni likivuja maji yaende wapi. Nyumba hii ilikuwa na jibu lake kabla ya sisi sote. Vyoo vyake vimepangwa nyuma, kimoja juu ya kingine, vimeshikana na ukuta mmoja, sakafu zake zimepigwa chokaa iliyosuguliwa na kuteremkia upande mmoja. Birika la chini limejengwa juu ya ardhi, na ndani yake mlikuwa na visamaki vya kula mabuu ya mbu. Waliojenga walijua nyumba ya matumbawe na boriti ina upande mmoja wa maji na upande mwingine wote wa ukavu. Tulichofanya sisi ni kulipeleka bafu katika chumba kikavu kuliko vyote.

"Kwa hiyo unaniambia nifunge?" kijana akauliza. "Ami, nikifunga, nyumba itauzwa. Unazijua ngapi zimeuzwa."

Nazijua. Hilo ndilo lililonifanya nisicheke mradi wake hata siku moja. Nyumba ya mawe isiyoingiza kitu hula wenyewe, na wenyewe wakichoka humwuzia mtu wa mbali ambaye hukaa humo wiki tatu kwa mwaka. Anayesema nyumba za Lamu zisipokee wageni hajawahi kununua chokaa. Na mji wetu haujawa mgeni wa kubadilisha majengo. Ngome ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, leo watoto wanakwenda humo kusoma na kutazama maonyesho. Nyumba ya kawaida ya mtaani iliwahi kuwa posta ya Wajerumani, kutoka 1888 hadi 1891, kisha ikawa makumbusho. Kuta nene za jela zikipokea vitabu hazilalamiki.

Aliyelitatua jambo hakuwa mimi. Bi Mkubwa alikuwa kimya kikao chote, anachambua mchele kwenye ungo. Akasema bila kuinua macho:

"Mgeni ana pakwe. Babangu aliwalaza manahodha sabuleni. Kwani mumeitia nini sabule?"

Tukatazamana. Mgeni ana mahali pake, yaani sabule, chumba cha wageni. Sabule ya nyumba ile ilikuwa na mashine mbovu ya boti, nyavu, baiskeli mbili na milango ya zamani. Iko juu ya tekani, ina ngazi yake inayoanzia tekani penyewe, kwa hiyo mgeni anapanda na kushuka bila kuvuka kiwanda na bila kuonana na wanawake wa nyumba. Wafanyabiashara waliokuja na kaskazi walikaa humo wakingoja upepo ugeuke wawe na kusi ya kurudi nayo kwao. Miezi, si usiku mbili. Nyumba za mawe za Lamu zilipokea wageni wa kulipa na wa kutolipa kabla ya Midland kuwaza reli, na zilijengewa chumba kwa ajili hiyo. Sisi tulikifanya stoo, tukaenda kumlaza mgeni alipozaliwa Bi Mkubwa.

Niliporudi nyumbani usiku nikakumbuka nilichosoma kuhusu stesheni za Marekani. Chattanooga, stesheni ya mwaka 1909, treni za abiria zilipokwisha 1970 waliifungua kama hoteli mwaka 1973, na wageni wakalazwa katika mabehewa yaliyosimamishwa kwenye reli. Indianapolis nako vyumba kadhaa vya hoteli viko ndani ya mabehewa ya kampuni ya Pullman. Nao hao Pullman walijulikana kwa mabehewa ya kulala. Ni akili ile ile ya Bi Mkubwa, mgeni alazwe palipojengewa kulala, ingawa hajapanda treni maishani. Huku kwetu reli yenyewe tunaisikia: Machi 2012 mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli, ulizinduliwa hapa Lamu, gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021, na reli ya kwenda Isiolo bado iko kwenye karatasi. Ikija na kuzeeka vijukuu vyetu watajua wafanye nini na stesheni.

Kazi ya kurekebisha ilichukua muda mrefu kuliko ya kuharibu. Ukuta wa bloku ulivunjwa polepole, kwa nyundo ndogo, maana nyundo kubwa ingemalizia zidaka. Vigae na zege viliondolewa. Saruji ya ukutani ilibanduliwa yote na ukuta ukaachwa uchi msimu mzima wa kiangazi ukauke. Binti alikuwa anafagia chumvi kila asubuhi, anajaza kikombe. Matangi yalishushwa. Sasa moja liko chini pembeni mwa kiwanda, pampu inapandisha maji kidogo kidogo hadi tangi dogo lililokaa juu ya ukuta wa vyoo, ukuta ambao kazi yake tangu mwanzo ni hiyo. Bafu la wageni liko kwenye safu ile ile ya vyoo, mabomba yanapita nje ya ukuta, yanaonekana, si mazuri, lakini yakivuja utayaona siku hiyo hiyo. Wageni wa sabule hupewa choo cha chini kilicho karibu na tekani. Wengine wanauliza kwa nini bafu haliko chumbani. Wakielezwa, wengi huelewa. Asiyeelewa anaelekezwa kwenye hoteli za ufukweni.

Vyumba vya wageni sasa ni viwili, sabule na kimoja cha ghorofa ya juu kabisa karibu na paa. Ukuta wa paani umeinuliwa upande wa jirani. Salamu zimerudi. Bi Mkubwa amepanda tena kwake, ngazi hazimchoshi.

Fedha ni chache. Kijana ameniambia hivyo bila kuficha, na kwa hesabu zake nyumba itajilipia marekebisho baada ya misimu mingi, si mmoja wala miwili. Nilimwambia wale wa St Pancras walikuwa na pa kujenga ubawa mpya, sisi ubavuni kwetu kuna nyumba ya jirani na kichochoro cha punda mmoja. Hilo sina dawa yake. Anafikiria kufungua mgahawa mdogo wa kahawa barazani asubuhi, mamake bado hajasema ndiyo, na mimi sitoi maoni.

Wakati wa Maulidi jamaa walikuja kutoka Mombasa na Zanzibar, wakajaa sabule, wakalala mpaka juu ya mikeka ngazini. Hakulipa mtu. Ndiyo mara ya kwanza nimekiona chumba kile kimejaa kama kilivyokusudiwa. Kijana alituma picha ya stesheni yake, kubwa, imetiwa fremu, aitundike humo. Fundi alishashika msumari, Bi Mkubwa akamzuia, akaisimamisha mwenyewe ndani ya kidaka.

Msana wa tini bado kuna gadi mbili za mbao zimesimama chini ya boriti ya nne na ya tano. Tunangoja mikoko. Waliyotuletea mara ya kwanza ilikuwa mazio, nyembamba, haifai kwa kazi hii, tumeirudisha. Bi Mkubwa ameusogeza mswala wake hatua moja kulia.